Nilimwita mchezaji “Mrundi wa kambini” hewani. Je, kazi yangu imekwisha?

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtangazaji wa kipindi cha michezo cha jioni katika redio moja ya hapa Kigoma, huu mwaka wa nne. Siku kumi zilizopita tulikuwa tunachambua mechi ya ligi ya mkoa. Beki mmoja alikosea, likafungwa goli, nami nikasema hewani, ‘Huyu Mrundi wa kambini alikuwa anawaza mgao wa unga.’ Wenzangu studio walicheka. Kulipokucha klipu ilishaenea kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Mwanga mpaka Kasulu. Mdhamini wa kipindi amejitoa. Meneja amenipa barua ya kunisimamisha bila mshahara hadi uchunguzi uishe. Mimi ni Muha, bibi yangu mzaa mama alizaliwa Burundi, na huku kwetu tunataniana hivi siku zote. Wapo wanaoniambia nikae kimya upepo upite, wengine niende mahakamani, wengine niombe radhi. Nasikia huko nje mastaa wanasema makubwa kuliko haya na kazini wanarudi. Usingizi sipati. Je, kazi yangu imekwisha?”

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kabla sijakujibu kuna jambo nataka ulione humo. Umemtaja meneja, mdhamini, wenzako wa studio, bibi yako, hata mastaa wa nje. Beki umemtaja mara moja tu, pale alipokosea. Hujaniambia kama umempigia simu, kama alikwenda mazoezini wiki hiyo, kama mama yake alisikia. Sikulaumu kwa hilo. Aliyeungua mkono huutazama mkono wake kwanza. Ila nitamrudia huyo kijana mara nyingi katika jibu hili, kwa sababu katika miaka 15 ya kufundisha watangazaji wa redio za Tabora na Kigoma, nimeona kazi za watu zikiokolewa hapo au zikizikwa hapo.

Jibu fupi la swali lako ni hapana, neno hilo peke yake halijaimaliza kazi yako. Linaweza kuimaliza, na siku kumi ulizokaa bila kumtafuta huyo kijana zimeshakugharimu. Jibu refu linahitaji tuondoe kwanza mambo matatu unayoyashika kama ngao, maana ukienda nayo kikaoni yatakuumiza.

La kwanza ni utani. Mimi utani nimelelewa nao, siudharau. Wanyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo ya misafara kutoka Tabora kwenda pwani, walijenga utani na Wazaramo waliowapokea huko mwisho wa safari. Utani ule ulikuwa mkataba. Unanitukana leo, nakutukana kesho, hakuna anayekwenda kwa mzee kushitaki. Nikifiwa unakuja, unafanya vituko msibani, unazuia shughuli mpaka upewe chochote, kisha wewe huyohuyo unashika jembe unachimba kaburi. Matusi ya mtani yamelipiwa kwa wajibu. Sasa niambie: yule beki alikuwa na maikrofoni? Aliweza kukujibu jioni ileile, wasikilizaji walewale wakamcheka na wewe? Kwao kukiwa na msiba, unaijua njia ya kwenda? Kama majibu ni hapana, basi pale hapakuwa na mtani. Palikuwa na mtu mwenye mnara wa redio na mtu asiye nao.

Na neno lenyewe, kwa Kigoma, si la mzaha. Unalijua hili kuliko msomaji wa Tanga au Mtwara, lakini ngoja niliseme. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Ndiyo maana Muha anaweza kushushwa kwenye basi akaulizwa kitambulisho, akaulizwa babu yake amezikwa kijiji gani, akarudishwa nyuma huku abiria wenzake wakiendelea na safari. Malalamiko hayo yamefika hadi bungeni. Kwa hiyo anayemwita mwenzake “Mrundi” huku kwetu anatilia shaka haki yake ya kuwepo hapa, mbele ya watu ambao baadhi yao wana mamlaka ya kumdai karatasi. Ukiongeza “wa kambini” na “mgao”, unawagusa pia watu wa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, ambao kupanga foleni ya unga halikuwa jambo walilolichagua. Na kama kijana huyo kweli ni mtoto wa mkimbizi, basi ulichomwambia si tusi la uongo, ni kidonda cha kweli ulichokitia chumvi. Sijui kipi kati ya hivyo viwili ni kibaya zaidi.

Kuna kisa cha Tabora kinachonirudia kila ninapofundisha somo hili. Redio siitaji. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alipokea simu ya msikilizaji wa Ulyankulu, mahali walipopewa makazi Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Kati ya wakimbizi wa kundi hilo, waliokuwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, zaidi ya 160,000 walikuja kupewa uraia wa Tanzania. Mpiga simu alikuwa akichangia mada ya bei ya tumbaku. Mtangazaji akamkata: “Rudi kwenu kwanza, ndipo uchangie mambo ya Tanzania.” Siku mbili baadaye yule mzee alifika redioni. Alikuwa na cheti chake cha uraia kwenye mfuko wa nailoni, amekikunjua vizuri, na ombi lake lilikuwa moja: asomewe hewani namba ya cheti. Alikaa mapokezi saa mbili. Mtangazaji alikuwa chumba cha pili na hakutoka. Nilikuwepo kwenye kikao cha nidhamu wiki iliyofuata, na nakuambia, kile kikao hakikutumia muda mwingi kwenye sentensi ya hewani. Walichoshindwa kukimeza ni zile saa mbili. Alifukuzwa, na mpaka leo hajarudi hewani.

La pili ni bibi yako. Unaona kwamba mjukuu wa Mrundi hawezi kumbagua Mrundi. Anaweza. Aprili 2004, Ron Atkinson, mchambuzi maarufu wa mpira wa televisheni ya ITV ya Uingereza, alimaliza kutangaza mechi ya Monaco na Chelsea, akadhani maikrofoni imezimwa, akamtukana beki Marcel Desailly kwa neno la kibaguzi. Uingereza matangazo yalikuwa yamekatika, lakini katika baadhi ya nchi za Mashariki ya Kati sauti ilikuwa bado inakwenda. Alijiuzulu. Na huyu si mtu aliyewakimbia wachezaji weusi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa kocha wa West Bromwich Albion, aliwachezesha kwa pamoja Cyrille Regis, Laurie Cunningham na Brendon Batson, wakati ambapo timu nyingi za Uingereza hazikuthubutu kufanya hivyo. Historia hiyo ilikuwa ya kweli, na haikumwokoa. Wema wako wa jana kwa watu wa kabila fulani ni ushahidi kwamba unaweza kutenda vizuri. Haumpi mtu wa leo uliyemtukana sababu ya kunyamaza. Bibi yako usimpeleke kikaoni, mdogo wangu. Muulize tu, kama yu hai, aliitwaje alipofika huku akiwa msichana.

Nia njema nayo ina mipaka. Mwishoni mwa mwaka 2020, Edinson Cavani, mchezaji wa Uruguay aliyekuwa Manchester United, alimshukuru rafiki yake kwenye Instagram kwa neno la Kihispania ambalo kwao ni la mapenzi, lakini limetoka kwenye jina la rangi nyeusi. Chama cha soka cha Uingereza kilimfungia mechi 3 na kumtoza pauni 100,000. Wengi waliona ameonewa, na mimi nakubali kwamba adhabu ilikuwa kali. Lakini ona alichofanya: alilifuta, akaomba radhi, akaitumikia adhabu, akaendelea kucheza. Neno hubadilika uzito linapovuka mpaka. Sisi tunalo “kafiri”, neno la dini tulilolipata kwa Kiarabu. Afrika Kusini neno hilohilo liligeuzwa kuwa tusi la mzungu kwa mtu mweusi, na mwaka 2018 mwanamke mmoja alihukumiwa kifungo kwa kuwarushia askari polisi neno hilo mara kadha wa kadha. Kenya, “madoadoa” yalikuwa madoa tu kwenye kitambaa mpaka yalipotumika kuwataja watu wa makabila ya kufukuzwa. Mtangazaji analipwa kwa kujua uzito wa maneno mahali anaposikika, na wewe unasikika Kigoma.

La tatu ni wale mastaa. Ni kweli, wapo waliorudi. Februari 2021 mwanamuziki wa Marekani Morgan Wallen alinaswa kwenye video akitamka tusi la kibaguzi. Kampuni yake ya muziki ilimsimamisha, redio nyingi zikaacha kupiga nyimbo zake, na bado albamu yake ilikaa namba moja kwa wiki 10. Mithika Linturi, akiwa seneta nchini Kenya, alikamatwa Januari 2022 kwa kutamka “madoadoa” jukwaani Eldoret. Kabla mwaka haujaisha alikuwa waziri wa kilimo. Hayo siyafichi. Lakini tazama wanakula wapi. Mwanamuziki analipwa na shabiki mmoja mmoja anayenunua wimbo, na mwanasiasa ana chama na kura za kwao. Wewe unakula kupitia mikono ya watu wachache: mdhamini ambaye wateja wake ni pamoja na hao uliowatukana, na mwenye leseni anayejua kwamba Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano na utangazaji nchini, inaweza kuiita redio, kuipa onyo, kuitoza faini au kuifungia kwa muda. Meneja wako anapokusimamisha, huenda hana chuki na wewe. Anailinda leseni inayowalisha wenzako wote.

Afadhali ujifunze kwa Roseanne Barr, mchekeshaji wa Marekani. Mei 2018 kipindi chake kilikuwa kati ya vilivyotazamwa zaidi nchini humo. Akaandika mtandaoni sentensi iliyomfananisha Valerie Jarrett, aliyekuwa mshauri wa Rais Obama, na nyani. Televisheni ya ABC ilikifuta kipindi siku hiyohiyo. Alisema ulikuwa utani. Kisha akasingizia dawa ya usingizi, na kampuni inayotengeneza dawa hiyo ikajibu hadharani kwamba ubaguzi haumo katika madhara yanayojulikana ya dawa yake. Oktoba mwaka huohuo waigizaji walewale walirudi hewani kwa jina jingine, yeye hayumo. Kila kisingizio alichotoa kilimwondolea mtu mmoja zaidi aliyetaka kumtetea.

Sasa tuangalie njia zilizo mbele yako.

Kukaa kimya sikushauri. Kimya humfaa aliyezushiwa jambo. Wewe sauti yako ipo kwenye simu za watu, na kila siku unayonyamaza klipu inakusemea.

Mahakamani uende kwa ajili gani? Ukitaka mahakama iseme hukukosea, kumbuka John Terry, beki wa Chelsea na nahodha wa England. Mahakama ya Uingereza ilimwachia huru Julai 2012 katika shitaka la kumtukana Anton Ferdinand, mchezaji wa timu pinzani, kwa rangi yake. Miezi miwili baadaye chama cha soka, ambacho hakihitaji ushahidi mzito kama wa jinai, kilimfungia mechi 4 na faini ya pauni 220,000. Unahodha wa England alishapokonywa kabla kesi haijasikilizwa. Mwajiri, mdhamini na mahakama hawapimi kwa mizani moja. Tena sheria ya huku haiko upande wa neno lako: Katiba inakataza ubaguzi katika ibara ya 13, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayemtukana mtu kupitia mtandao kwa sababu ya rangi, nasaba, utaifa, kabila au dini yake. Kwa hiyo usiirushe tena ile klipu, hata kwa nia ya kujitetea au kuonyesha kwamba wenzako walicheka. Kuisambaza mwenyewe kunaweza kukufungulia kosa jipya.

Haki zako za kazi, hata hivyo, ni jambo jingine, na hapo sitaki ulale. Kukosea hakumpi mwajiri ruhusa ya kukanyaga utaratibu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria zetu za kazi, zinasema mfanyakazi anayesimamishwa kupisha uchunguzi wa kosa kubwa hulipwa mshahara wake wote. Barua yako inasema bila mshahara, na hilo lina walakini. Unapaswa kuelezwa tuhuma kwa maandishi, kupewa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na kwenda kikaoni na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Ukifukuzwa na ukaona umeonewa, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Siku hizo zinakwenda haraka kwa mtu asiyelala. Yote haya yanamhusu mwenye ajira. Kama wewe ni deiwaka unayelipwa kwa kipindi, kama walivyo watangazaji wengi wa mikoani, ulinzi wako ni mwembamba zaidi, na itabidi mtu ausome mkataba wako, au ujumbe wa simu uliotumika badala ya mkataba.

Imebaki radhi. Watu wengi huanza na ya hewani, na mimi naona wanakosea mpangilio. Anza na kijana. Mtafute kupitia nahodha au kocha wake, uulize kwanza kama yuko tayari kukuona. Akikataa, heshimu hilo, mwachie ujumbe kwa mtu anayemwamini, usimfuate nyumbani kwao. Akikubali, nenda na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Simu ya kurekodia iache. Nimewahi kumwona mtu akiomba radhi huku mwenzake anampiga picha, na aliyetukanwa aliondoka na jeraha la pili. Mwambie ulichosema, kwamba ni kosa, na kwamba hukufikiri yeye na ndugu zake wanaishi vipi na neno lile. Kisha nyamaza, umsikilize. Anaweza kukusema sana. Anaweza asikusamehe, na hana deni hilo kwako.

Ukishatoka kwake, ndipo uandike ya hadhara. Iwe fupi. Epuka “kama kuna mtu amekwazika”, kwa sababu hakuna “kama” hapa. Epuka “lakini”. Usilirudie tusi lenyewe. Kitu kama hiki kinatosha: “Tarehe fulani nilimdhalilisha mchezaji hewani kwa asili yake. Halikuwa jambo la mchezo, na halikuwa utani. Nimemwomba radhi yeye, nawaomba radhi wakimbizi na wakazi wa mkoa huu ambao uraia wao hutiliwa shaka kila siku, na nakubali kuwajibishwa.” Kabla ya kuitoa, mwonyeshe wakili au msaidizi wa kisheria, kwa sababu maneno hayo yatasomwa kwenye kikao cha nidhamu kama kukiri kosa. Mimi bado naona faida yake ni kubwa kuliko hasara. Wenye vikao huwa wanatafuta sababu ya kutomfukuza mtu mwenye miaka minne ya kazi nzuri, na radhi iliyotangulia barua ya kuitwa ina uzito ambao radhi ya siku ya kikao haina. Ila sikuahidi. Unaweza kufanya yote haya na bado ukaipoteza nafasi hiyo ya jioni. Hapo utakuwa umebaki na jina ambalo redio nyingine inaweza kuliajiri, hata ikichukua mwaka au miwili.

Pengine utasema nalikuza jambo dogo la mpira. Sikufananishi na watu wa RTLM, redio ya Rwanda iliyowaita wananchi wenzao mende mpaka wakauawa. Lakini waanzilishi wa redio ile waliokutwa na hatia walihukumiwa Arusha, Desemba 2003, hapahapa nchini kwetu, na baadhi ya wasikilizaji wako walivuka mpaka wakikimbia mauaji ya miaka ileile. Redio inapocheka jina la watu, wao husikiliza kwa masikio tofauti na yangu na yako.

Mambo mawili usiyafanye peke yako. Kama wewe au huyo kijana mmeanza kupokea vitisho, hifadhi jumbe hizo na uende polisi leo. Na huku kukosa usingizi: siku kumi ni nyingi. Kama huli, au kama mawazo ya kujidhuru yamekupitia hata mara moja, mwambie mtu wa nyumbani akusindikize Hospitali ya Maweni, ueleze hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Kikao hakiendi vizuri kwa mtu asiyelala.

Kesho asubuhi mpigie kocha wa yule beki. Barua ya kuitwa kikaoni ikifika, nitumie nakala pamoja na mkataba wako, tuisome kabla hujaijibu.